Mba haihami, inatulizwa: nilivyozungumza na wasusi, vinyozi na wenye vichwa vinavyowasha

Nimeiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani sijaziweka, na wala hamjakosa kitu, nyingi zilikuwa vichwa vya watu vyenye magamba tu.

Habari zenu jamani. Mmh, hiyo ni sauti ya watu waliochoka kukaa, naomba tena, habari zenu? Haya, hapo sawa.

Nianze na swali na msione aibu. Nani hapa ameshajikuna kichwa tangu aingie humu ndani? Nyosheni mikono. Naona mmoja, naona wa pili, naona na baba mmoja pale katikati anatikisa kichwa kukataa huku kidole kimeshazama chini ya kofia. Na nyie mlioanza kuwashwa sasa hivi kwa vile tu nimetaja kuwashwa, msishtuke, ni kitu cha kawaida kabisa, muwasho ni kama mwayo, ukimwona mwenzio anajikuna na wewe unaanza. Kwa hiyo leo mtajikuna sana, nawaambia mapema.

Mimi ni msusi. Sio daktari, sio mfamasia, ni msusi, zaidi ya miaka 20 nimesimama nyuma ya vichwa vya watu naona kile ambacho mwenye kichwa mwenyewe hakioni. Haya ya kisayansi nitakayosema nimefundishwa na daktari mmoja wa ngozi, nilikuwa nampelekea wateja mpaka akachoka akaniambia njoo ukae hapa nikufundishe, utanipunguzia foleni.

Na kabla sijawa msusi nilikuwa mwenye mba. Nina miaka 19, kazi ya kwanza, siku hiyo tunapigwa picha ya pamoja, nimevaa blauzi nyeusi mpya najiona mimi ndio mimi. Mpiga picha anachungulia kwenye kamera, anaishusha, anakuja moja kwa moja mpaka nilipo, anatoa kitambaa mfukoni ananipangusa bega la kushoto, halafu la kulia, pa pa pa, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kiti. Hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali.

Tangu siku ile nguo nyeusi nilizikimbia kama miaka 6 hivi. Nikaanza vita. Naosha kichwa kila siku kwa sabuni ya kufulia, nasugua kwa kucha mpaka ngozi inatoa majimaji, usiku namimina mafuta ili ilainike. Nikisugua, inazidi. Nikimimina mafuta, inazidi. Nikifunga kitambaa juu ya nywele mbichi ili watu wasione, inazidi. Mnanielewa? Nilikuwa napigana kwa nguvu zangu zote, ila nilikuwa napigana upande wa adui.

Sasa jambo la kwanza, na hili nitalirudia mpaka mnichoke. Mba sio uchafu. Naomba mseme. Mba? Sio uchafu. Kuna watu humu ndani wanaoga mara mbili kwa siku na wanayo, na kuna mtu hajaosha kichwa wiki tatu ngozi yake iko safi kama ya mtoto. Karibu nusu ya watu wazima duniani wanaipata. Nusu! Kwa hiyo kama wewe huna, mwangalie aliyekaa pembeni yako, na kama yeye naye hana basi mwangalieni wa nyuma yenu.

Inatoka wapi? Kuna fangasi mdogo sana, yuko kwenye ukoo wa hamira, anaitwa Malassezia. Jina hilo limetokana na Mfaransa mmoja, Louis-Charles Malassez, ambaye mwaka 1874 alimwona kwenye magamba ya kichwa akamwelezea. Huyu fangasi hukumpata kwa kitana cha mtu wala kwa kuazima kofia. Yuko kwenye ngozi yako, yuko kwenye ngozi yangu, yuko kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, mwenye mba na asiye nayo. Na hapa ndipo nilipochoka nilivyoambiwa: wanasayansi walipochapisha ramani ya vinasaba vya mmoja wao mwaka 2007 walikuta hana kabisa kile kiwanda cha kujitengenezea mafuta. Hana. Na bila mafuta haishi. Kwa hiyo anakaa pale mafuta yanapotoka, kichwani, kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio, kwenye ndevu, katikati ya kifua.

Anachofanya ni hivi, anayavunjavunja mafuta ya ngozi yako, anakula vipande anavyovitaka, vingine anaviacha pale pale juu ya ngozi kama mtu aliyekula karanga akaacha maganda mezani. Mojawapo ya hayo maganda ni asidi ya oleiki. Kuna ngozi zinavumilia na kuna ngozi hazivumilii. Watafiti walishawahi kuwapaka watu hiyo asidi kichwani, wale wenye asili ya mba wakaanza kutoa magamba, wale wasio nayo hawakupata kitu. Asidi ni ile ile, ngozi tofauti.

Ngozi isiyovumilia inashtuka, inawasha, inaanza kuzalisha seli mpya mbio mbio. Kwa kawaida seli ya ngozi inazaliwa chini, inapanda polepole, kama mwezi hivi, inafika juu imekauka, inadondoka peke yake wala huioni. Ngozi iliyokasirika haina muda huo, seli zinafika juu hazijakomaa bado zimeshikana, zinadondoka kwa mafungu, na hayo mafungu ndio ule unga ambao mpiga picha alinipangusa.

Kwa hiyo ni vitu vitatu: mafuta, fangasi, na ngozi uliyozaliwa nayo. Ukishika hivyo vitatu mambo mengi yanajieleza yenyewe. Kwa nini inaanza wakati wa kubalehe? Mafuta yamefunguliwa. Kwa nini wanaume wengi zaidi? Homoni zao zinasukuma mafuta zaidi. Kwa nini wengi wakivuka miaka 50 inapungua? Mafuta yanapungua. Na kwa nini kichanga wa wiki chache anaota magamba ya njano utosini? Anadhaniwa amebaki na homoni za mama yake zinazochokoza tezi za mafuta, na kwa wengi yanaisha yenyewe kabla ya mwaka, kwa hiyo wamama msimkwangue mtoto kwa kucha, mpake mafuta kidogo yalainike, mswaki laini, mwoshe, basi.

Sasa mtu ataniuliza, msusi, naitoaje isirudi tena maisha yangu yote? Nitakujibu ukweli ambao hauuzi chupa hata moja. Huitoi. Huyo fangasi ni mpangaji, hana mkataba, halipi kodi, na hahami. Ukimpunguza leo, ukimsahau, baada ya wiki chache kajaa tena. Unachoweza ni kumfanya akae kimya. Na kumfanya akae kimya ni rahisi kuliko mnavyodhani, ila tuna tabia mbili mbaya, tunamlisha halafu tunamwosha haraka haraka.

Tuanze na kumlisha. Na hapa najua nitagombana na nusu ya ukumbi.

Kuna mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na mfuko una chupa nne za mafuta. Mafuta ya nazi, ya zeituni, ya nyonyo, na moja haina hata lebo, imechanganywa na mtu. Anasema dada, kichwa kimekauka, kinabanduka, kila siku usiku nakilowesha mafuta na bado kinabanduka. Nikamkalisha chini ya taa, nikagawa nywele kwa mkia wa kitana. Ngozi haionekani. Kuna tabaka la njano, linanata, nikilichokonoa taratibu linainuka kama rangi ya ukuta uliopata maji, na chini yake ngozi imelowa, inang'aa, kando kando imepauka kuliko ngozi yake nyingine. Harufu nayo ilikuwepo, ya mafuta yaliyokaa. Nikamuuliza, hii ndio ngozi kavu?

Akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu, maana alikuwa anajitahidi. Kila usiku anajitahidi.

Jamani, mnajua maabara wakitaka kumwotesha huyu fangasi wanafanyaje? Wanamtilia mafuta. Na mafuta ya zeituni ni mojawapo ya yale wanayotumia. Sasa wewe unapomimina mafuta ya zeituni kichwani usiku ukafunga kofia ukalala, unafanya nini? Unaotesha. Umefungua maabara kichwani mwako. Ukipaka unaona afadhali kweli, kwa sababu magamba yamelowa yamelala, hayapeperuki, umeyagandisha tu. Kesho kutwa yako mengi zaidi.

Sikusema mafuta yote ni sumu, tusinukuliane vibaya huko nje. Nywele zenye vipilipili zinakauka kweli na zinahitaji mafuta. Paka kwenye nywele, urefu wa nywele na ncha. Sio kwenye ngozi. Nywele na ngozi ni wateja wawili tofauti wanaoishi nyumba moja. Na kama magamba yamekuwa mazito kama ya yule mama, unaweza kupaka mafuta ya madini, yale ya maji maji wanayopaka watoto wachanga, hayo huyu fangasi hayampi chakula, ukakaa nayo saa moja hivi yakalainisha, halafu unayaosha yote yatoke. Yatoke, sio ulale nayo.

Na hapo hapo nimalize hili la jikoni. Limau kichwani, siki, magadi. Ngozi ya kichwa ina uasidi wake mdogo, kipimo chake kama 5.5, limau liko chini sana na magadi yako juu sana, ukipaka kwenye ngozi ambayo umeshaichana kwa kucha utaona nyota mchana. Mti chai, yale mafuta, hayo yana ushahidi kiasi, kuna utafiti wa mwaka 2002, watu 126, shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo kwa wiki nne, waliotumia walipata nafuu ya asilimia 41 na waliopewa shampuu tupu asilimia 11. Lakini ni shampuu ya asilimia 5, sio chupa ya mafuta makali unamimina mazima kichwani, hayo yanaunguza, nimeona.

Tabia ya pili. Kuosha haraka. Hapa ndio roho ya mambo, aliyekuwa anasinzia mwamsheni.

Alikuja kijana mmoja saluni, amekasirika, ameshika shampuu ya dawa mkononi, ni shampuu nzuri, ananiambia hii kitu ni wizi mtupu, nimemaliza chupa mbili na mba iko pale pale. Nikamwambia sawa, beseni lile pale, osha kama unavyoosha nyumbani, mi nakuangalia tu. Nikawasha saa ya simu kimya kimya. Akamwaga maji, akaminya dawa kiganjani, akaipaka juu ya nywele, juu juu huku, akasugua povu likawa jingi kweli, akasuuza. Nikazima saa nikamwonyesha. Sekunde 18.

Sekunde 18! Dawa haijajua hata imefika kichwa cha nani. Na yote ilikuwa kwenye nywele, ngozi haikupata kitu, umepeleka barua mtaa mwingine halafu unalalamika hujajibiwa.

Shampuu ya dawa inataka muda. Dakika 3 mpaka 5, nyingine mpaka 10, soma chupa. Dakika tano, sio dakika tano za kusema nakuja sasa hivi niko njiani. Dakika tano za saa. Na inaoshwa hivi: mara ya kwanza shampuu ya kawaida, toa mafuta, jasho, jeli, vumbi, suuza. Mara ya pili ndio dawa. Gawa nywele mistari, peleka dawa kwenye ngozi kwa ncha za vidole, nyama ya kidole sio kucha, zungusha taratibu, halafu kaa. Piga mswaki. Fua soksi. Fanya lolote ila usisuuze. Dakika zikiisha suuza sana, sana, maana shampuu iliyobaki nayo inawasha. Kondishena baadaye kwenye nywele tu, kwa sababu hizi dawa zinakausha nywele.

Waliosuka? Najua, najua. Tafuta chupa yenye mdomo mwembamba, lowesha mistari, dondosha dawa mstari kwa mstari, kanda, subiri, suuza mpaka maji yatoke meupe, halafu kausha mpaka ndani. Lakini kama mba imechachamaa mi nakushauri fumua kwanza, mwezi mmoja tu, wasusi wenzangu msiniangalie hivyo, mteja atarudi.

Mara ngapi? Inategemea nywele. Wenye nywele zilizonyooka na mafuta mengi, mara mbili tatu kwa wiki. Sisi wa vipilipili mara moja kwa wiki inatosha, ukizidisha nywele zinakatika. Na kuna kosa lingine hapa, mtu anatumia wiki mbili, muwasho umeisha, bega safi, anaweka chupa kabatini. Wiki ya sita ananipigia imerudi! Mama, haijarudi, haikuondoka, nilikwambia ni mpangaji. Ikitulia usiache, punguza tu, mara moja kila wiki au kila wiki mbili.

Sasa dawa zenyewe, geuza chupa usome nyuma, tangazo la mbele ni la kuuzia. Kuna zinki pirithioni, hii imekuwepo miaka mingi, inafaa mba ya kawaida. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022, sehemu nyingine bado inauzwa, kwa hiyo aliye huko asipoiona asishangae. Kuna seleniamu salfaidi, nzuri, ila inaweza kubadilisha rangi ya nywele zilizopakwa rangi au zenye mvi, na ina harufu yake. Kuna ketokonazoli, asilimia 1 au 2, hii ya asilimia 2 kawaida wanakwambia mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne halafu unapunguza, mi ndio iliyoninyamazishia. Kuna asidi ya salisiliki, hiyo inabandua magamba, fangasi haimuui. Na kuna ya lami ya makaa ya mawe, inapunguza ile kasi ya seli, inachafua nywele nyeupe na inaifanya ngozi iogope jua. Moja isipokusaidia ukiwa umeitumia vizuri mwezi mzima, badilisha kiungo. Kiungo, sio rangi ya chupa.

Na naomba nilisimamie hili. Kuna watu wanasaga vidonge vya ketokonazoli wanachanganya kwenye mafuta ya nywele, na wengine wanavimeza kabisa kwa ajili ya mba. Vidonge hivyo vinaweza kuharibu ini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri viondolewe kwenye matibabu ya fangasi na Marekani nao wakaweka masharti makali. Mtu anahatarisha ini kwa ajili ya unga begani? Hapana jamani.

Jambo la mwisho kubwa, na hili ni kosa langu mwenyewe, sijalisimulia mara nyingi.

Sio kila unga ni mba. Aliletwa kwangu mtoto wa miaka 6, kichwa kina magamba, anajikuna. Mama yake ananiuliza nikamwambia kwa kujiamini kabisa, mba hiyo, nikampa shampuu. Wiki tatu. Nilikuwa naona pale kisogoni pana kiduara, nywele zimekatika karibu na ngozi zimebaki vidoti vyeusi, nikajiambia atakuwa amejikuna sana. Wiki ya nne akaja na mdogo wake ana kiduara kama kile. Hapo moyo ukanishuka. Yalikuwa mapunye, wengine mnaita mashilingi, choa cha kichwa, huyo ni fangasi mwingine kabisa, anaingia mpaka ndani ya unywele, anaambukiza kwa kitana, kwa mashine, kwa kofia, kwa mto, na shampuu peke yake haimtoi, inatakiwa dawa ya kunywa kutoka kwa daktari kwa wiki kadhaa. Wiki tatu zangu za kujiamini ndizo zilizompa mdogo mtu. Mama yao hakunigombeza. Alichukua watoto wake akaondoka, na kwangu hakurudi.

Kwa hiyo mtoto ambaye hajabalehe ana magamba na nywele zinakatika kwa viraka, usiseme mba. Usiseme kabisa. Mpeleke hospitali. Na vinyozi, mba haiambukizi, mteja mwenye mba msimnyanyapae, lakini mashine na kitana vioshwe na kutiwa dawa baada ya kila kichwa, kila kichwa, kwa sababu ya hayo mapunye.

Wengine niwapitie haraka. Magamba mazito meupe ya kung'aa kama fedha, yanavuka mstari wa nywele yanakuja kwenye paji la uso, na viwiko na magoti navyo vinayo, hiyo huenda ni soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Vidoti vyeupe vimeshika kwenye unywele, ukivivuta haviteleziki, viko nyuma ya masikio na kisogoni, hayo ni mayai ya chawa, mba ukiipuliza inaondoka. Vijiunga vidogo vikavu, na miguu na mikono nayo imepauka, hiyo ndio ngozi kavu yenyewe, punguza maji ya moto na sabuni kali. Umepaka rangi nyeusi ya nywele halafu kesho yake kichwa kinawaka moto na kope zimevimba, huo ni mzio, mara nyingi ni kemikali moja kwenye rangi hizo inaitwa PPD, usirudie tena hata kidogo, mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Na wenye ngozi nyeusi, tukisoma kwamba ngozi inakuwa nyekundu tunajitafuta uwekundu hatuuoni, kwetu mara nyingi inapauka, viraka vyeupe vyeupe kwenye mstari wa nywele na kwenye nyusi.

Usaha, homa, tezi zimevimba shingoni, nywele zinadondoka, au mwezi umeisha unafanya kila kitu sawasawa na hakuna mabadiliko, daktari. Na kama mba imelipuka ghafla, imeshuka usoni mpaka kifuani, na hukuwahi kuwa nayo namna hiyo, pima afya kwa ujumla, pamoja na virusi vya ukimwi, kwa sababu kinga ikishuka huyu mpangaji ndio anapata uhuru. Simtishi mtu. Nawaambia kwa sababu nimeona watu wakizunguka na krimu za steroidi, zile za kutuliza muwasho na uvimbe, miezi na miezi wakati kipimo kimoja kingewaambia.

Naona mkono kule nyuma. Eeh kaka? Anauliza akinyoa upara si ndio mwisho wa mchezo? Swali zuri. Inasaidia, dawa inafika kwenye ngozi bila kupotea njia, na huna pa kuficha mafuta. Lakini fangasi hakai kwenye nywele kaka, anakaa kwenye ngozi, nina mteja hana unywele hata mmoja na ana mba mpaka kwenye nyusi.

Na dada hapa mbele, anasema usiku muwasho unamuua, afanyeje? Kata kucha fupi. Ukiwashwa bonyeza kwa kiganja, au kitambaa kilicholowa maji ya baridi, usikwangue. Ukikwangua unapata raha ya sekunde chache, unachana ngozi, bakteria wanaingia, ngozi inawasha zaidi, unakwangua tena. Mi nilikuwa nalala na soksi mikononi. Chekeni tu, zilinisaidia.

Sasa tuingie kwenye vitendo. Kuna kaka amejitolea kichwa chake, njoo hapa kwenye beseni, usiogope maji ni ya vuguvugu. Mnaona? Shampuu ya kawaida kwanza. Suuza. Sasa dawa, nagawa hapa, mstari huu, napeleka kwenye ngozi, mnaona kidole kilivyolala? Mstari mwingine. Na mwingine. Haya. Nani ana saa ya simu? Weka dakika tano, anza.

Hapana kaka, usiinue kichwa. Bado. Ni dakika moja na nusu tu.